Moto, Moshi na Unyevu: Nyumba za Uingereza Wakati wa Baridi

Mjenzi wa pwani ya Afrika Mashariki huijenga nyumba akiuwaza upepo. Huelekeza ukumbi na madirisha mahali ambapo kusi au kaskazi itapita, huinua dari, na huacha nafasi kati ya ukuta na paa ili joto la mchana lipate kutoka. Mjenzi wa Uingereza naye huuwaza upepo, lakini kama mtu amwazavyo mwizi. Nchi yake iko mbali na ikweta. Mji wa London uko katika nyuzi 51 za kaskazini, na katikati ya mwezi wa Desemba mchana wake hautimizi saa 8. Jua lenyewe, likionekana, hukaa chini kama taa iliyoishiwa mafuta.

Baridi ya nchi hiyo si kali ikilinganishwa na ya Urusi au ya Sweden. Wastani wa joto la mwezi wa Januari katika London ni kiasi cha nyuzi 5 juu ya kiwango cha kuganda maji. Ubaya wake ni maji. Pepo za magharibi hutoka katika bahari ya Atlantiki zimejaa unyevu, manyunyu huanguka siku baada ya siku, kuta hunywa, nguo hazikauki, na baridi isiyotisha katika kipimajoto huingia mifupani. Theluji imepewa sifa nyingi katika hadithi na katika picha za Krismasi. Lakini aliyekaa huko ajua ya kwamba adui wa kila siku ni rasharasha.

Kwa hiyo kuitayarisha nyumba kwa majira ya baridi kulikuwa, tangu zamani, ni kazi mbili zisizopatana. Ya kwanza ni kulizuia joto lisitoke, na hiyo yataka nyumba izibwe. Ya pili ni kuutoa moshi na unyevu, na hiyo yataka nyumba iachwe wazi. Joto na hewa safi wamekaa katika nyumba ya Kiingereza mfano wa wake wenza: mmoja akikaribishwa, mwenziwe hukunja mkeka wake. Mambo mengi yasomwayo katika vitabu kuwa ni maendeleo ya ujenzi, kama vile dohani, vioo, makaa ya mawe, mabomba ya maji ya moto, yalikuwa ni majaribio ya kuwasuluhisha hao wawili. Na gharama za usuluhishi huo hazikulipwa na watu wote sawasawa.

Nyumba ya mkulima wa Uingereza katika karne ya 13 au ya 14 isingalimshangaza sana mtu wa Tanga au wa Malindi aliyezoea nyumba ya udongo. Nguzo zake zilikuwa za miti, kati ya nguzo na nguzo zilifumwa fito, na fito zilikandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Juu ya udongo ilipakwa chokaa, na chokaa hiyo ilirudiwa mara kwa mara, kwa maana mvua ya ubavuni huila. Paa liliezekwa kwa mabua ya ngano au kwa matete, nalo liliteremka kwa ukali ili maji yasipate nafasi ya kutuama. Kilichokuwa kigeni ni mahali pa moto. Katikati ya sakafu palikuwa na jiko, na jiko hilo halikuwa la kupikia peke yake. Lilikuwa ndilo roho ya nyumba. Moshi haukutengewa njia. Ulipanda, ukazunguka chini ya paa, ukatoka polepole kwa matundu ya pembeni na kwa kupenya katika ezeko lenyewe. Wenye mali nao waliishi vivyo hivyo. Katika jumba la Penshurst, jimbo la Kent, lililojengwa na mfanyabiashara mkuu wa London mwaka 1341, ukumbi wa zamani ungaliko, na mahali pa moto pangali katikati ya sakafu, chini ya paa la miti lililo juu sana.

Madirisha hayakuwa na vioo. Yalikuwa matundu yenye mbao za kufungia, na kwa mwenye uwezo kidogo yalizibwa kwa kitambaa kilichopakwa mafuta au kwa pembe ya ng'ombe iliyochongwa ikawa nyembamba hata ikapitisha nuru. Kiswahili kililipokea neno dirisha kutoka katika Kiajemi, ambako maana yake ni mlango mdogo. Waingereza walilipokea lao kutoka kwa watu wa Skandinavia, na kwa hao maana yake ilikuwa jicho la upepo. Jina hilo lilisadifu. Tundu lile lilikuwa la upepo kwanza, na nuru ilipita kwa hisani. Wakati wa baridi mwenye nyumba alikuwa na hiari ya kukaa gizani na joto kidogo, au kukaa nuruni akitetemeka.

Mtu wa leo, akifikiri juu ya maisha hayo, huhurumia macho na mapafu ya watu wale, na ni haki yake. Hata hivyo moshi ulikuwa mtumishi pia. Uliikausha miti ya paa isioze, ukawafukuza wadudu katika ezeko, ukaikausha nyama iliyotundikwa juu kwa ajili ya miezi ya njaa. Katika Devon, upande wa kusini magharibi, zipo nyumba ambazo ezeko lake la ndani ni jeusi kama lami, kwa sababu waezekaji wa baadaye walikuwa wakitandika majani mapya juu ya yale ya zamani. Tabaka hilo jeusi ni la kabla ya kuja dohani, na wataalamu wa mimea wamekuta ndani yake masuke ya ngano na ya nafaka nyingine za aina ambazo mashambani hazilimwi tena. Moshi uliowatoa machozi watu wa karne ya 15 umewahifadhia wajukuu wao mbegu za kusoma.

Matayarisho yenyewe yalianza mapema. Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, ilikuwa siku ya kufunga hesabu za mavuno na kodi. Sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, ilikuwa siku ya kuchinja wanyama ambao hapakuwa na majani ya kuwalisha mpaka masika ya huko. Kati ya siku hizo mbili kuni zilipasuliwa, au udongo mweusi wa majani yaliyooza ulirundikwa baada ya kukaushwa, ezeko likatiwa viraka, nyufa zikakandikwa upya. Katika nyanda za juu za Devon na sehemu za kaskazini, watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja. Ng'ombe waliwekwa upande wa mteremko, ili uchafu wao utiririke kwenda nje, na joto la miili yao lilihesabiwa kuwa sehemu ya akiba ya nyumba. Usiku moto ulifunikwa kwa jivu au kwa chombo cha udongo, usiteketeze nyumba wala usizimike. Neno la Kiingereza la amri ya kutotoka nje usiku limetokana na desturi hiyo: asili yake ni Kifaransa, na maana yake ni funika moto.

Mijini hatari ilikuwa kubwa zaidi. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1212, wakuu wa London walikataza nyumba mpya kuezekwa kwa majani. Lakini kukataza majani si sawa na kuupatia moshi njia, na njia hiyo ilichukua miaka mingi kumfikia mtu wa kawaida.

Dohani zilikuwako katika ngome za mabwana tangu karne ya 12. Zilikuwa za mawe, ghali, na kazi yake ilikuwa fahari kama ilivyokuwa faida. Katika karne ya 16 matofali yalipatikana kwa wingi, kuni zikapungua na kupanda bei, na wakulima wenye nafasi wakaanza kuuhamisha moto kutoka katikati ya sakafu kuupeleka ukutani, chini ya bomba la matofali. Mageuzi hayo yameandikwa na kasisi mmoja wa kijiji cha Radwinter, katika Essex, jina lake William Harrison, aliyechapisha maelezo ya nchi ya Uingereza mwaka 1577. Kasisi huyo asimulia kwamba wazee wa kijiji chake walitaja mambo matatu yaliyobadilika mno katika umri wao: wingi wa dohani, uzuri wa matandiko ya kulalia, na vyombo vya mezani vilivyotoka katika miti vikawa vya madini. Wazee hao walikumbuka miji ambayo dohani zake zilihesabika kwa vidole.

Ajabu ni kwamba Harrison hakuzifurahia dohani. Alilalamika kuwa tangu zilipokuja watu wamekuwa hodari wa mafua, makohozi na maumivu ya kichwa, hali zamani moshi uliigandisha miti ya nyumba na kumlinda mwenye nyumba na jamaa zake. Yaelekea ni maneno ya mtu asifuye siku za ujana wake, wala hakuna tabibu wa leo atakayeyakubali yote. Lakini ndani yake mna chembe ya kweli ambayo elimu ya baadaye imeithibitisha. Moto wa katikati ya sakafu hutoa joto lake lote chumbani, kwa watu wa pande zote. Moto wa ukutani hupeleka sehemu kubwa ya joto lake juu, mbinguni, pamoja na moshi. Zaidi ya hayo, hewa inayopanda katika dohani lazima ijazwe na hewa nyingine, nayo hiyo huingia kwa nyufa za milango na madirisha. Moto ukiwa mkubwa, upepo wa baridi huzidi sakafuni. Ndiyo maana vizazi vingi vya Waingereza vilikaa mbele ya moto vikiungua nyuso na kuganda migongo. Viti vyenye mabawa ya kukinga mashavu, mapazia mazito mlangoni, vitanda vilivyozungushiwa mapazia pande nne kama chumba ndani ya chumba, vyote hivyo vilikuwa vilinzi dhidi ya upepo ulioalikwa na dohani yenyewe. Hata mwaka 1796 Benjamin Thompson, ajulikanaye kwa jina la cheo Count Rumford, alipoandika juu ya majiko ya ukutani, dawa yake ilikuwa kuifanya koo ya dohani iwe nyembamba na jiko liwe na kina kifupi, ili joto lirudi chumbani na moshi upande upesi. Ilikuwa dawa nzuri, lakini ilichelewa miaka mia mbili.

Dohani ilileta neema nyingine isiyotajwa sana. Moshi ulipopata njia yake, nafasi ya juu ya nyumba ilikuwa huru, na ghorofa ikawezekana. Mtumishi na bwana, wazazi na watoto, waliokuwa wakilala kuuzunguka moto mmoja, waliachana vyumba. Nyumba ya jamaa wote ikawa nyumba ya kila mtu na mlango wake. Na kwa kuwa vyumba vilizidi, majiko nayo yalizidi, na serikali ikayaona.

Mwaka 1662 Bunge la Mfalme Charles wa Pili liliweka kodi ya meko: shilingi mbili kwa mwaka kwa kila jiko, zilipwe nusu siku ya Mtakatifu Mikaeli na nusu mwezi wa Machi. Maskini wa kweli walisamehewa. Lakini mkusanyaji alikuwa na idhini ya kuingia nyumbani na kuhesabu, naye alichukiwa kuliko kodi yenyewe. William na Mary walipotawazwa waliifuta mwaka 1689, ili kuwapendeza raia. Haikupita miaka mingi, mwaka 1696, ikaletwa kodi ya madirisha, ambayo mkusanyaji aliweza kuihesabu akiwa njiani bila ya kubisha hodi. Hapo jicho la upepo liliingia katika daftari la hazina.

Kioo kilikuwa kimeenea polepole. Mwaka 1567 msimamizi wa ngome ya Alnwick, mali ya bwana wa Northumberland, alishauri kwamba bwana akiwa hayupo vioo ving'olewe vikahifadhiwe, visivunjwe na tufani. Miaka 30 baadaye Hardwick Hall ilikuwa imejengwa kwa madirisha mengi makubwa, hata watu wakasema ina kioo kuliko ukuta. Kutoka kwa matajiri kioo kilishuka kwa wakulima na mafundi, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuona bila kulipa kwa baridi. Kodi ya 1696 ilimrudisha nyuma. Wenye nyumba waliyaziba madirisha kwa matofali, na mabaka yake yaonekana hata leo katika kuta za miji mingi. Katika nyumba za kupangisha zilizojaa maskini hesabu ilifanywa kwa jengo zima. Kwa hiyo mwenye jengo aliziba, na mpangaji, ambaye katika sheria hakutozwa kitu, ndiye aliyekosa nuru na hewa. Kulikuwa pia na kodi ya kioo chenyewe tangu miaka ya 1740. Hiyo iliondolewa 1845, na ile ya madirisha 1851, baada ya matabibu kueleza kwa miaka mingi kuwa vyumba vya giza na unyevu ni makao ya homa. Mwaka huo huo wa 1851 serikali na matajiri walikusanyika katika bustani ya Hyde Park kulistaajabia jumba la maonyesho lililojengwa kwa chuma na karibu vioo laki tatu.

Kuni zilipokwisha karibu na miji, London iligeukia makaa ya mawe, yaliyoletwa kwa majahazi kutoka Newcastle. Malalamiko juu ya moshi wake ni ya kale. Mfalme Edward wa Kwanza aliyakataza makaa hayo mjini mwaka 1306, na mwaka 1661 John Evelyn alimpelekea Mfalme Charles kitabu kizima juu ya hewa chafu ya mji mkuu. Havikufaa kitu. Mtu mwenye baridi hamwogopi mfalme. Baada ya moto mkuu wa mwaka 1666 London ilijengwa upya kwa matofali, na dohani zikawa nyembamba na zenye kona nyingi, maana makaa ya mawe hayahitaji tundu pana kama kuni. Lakini masizi yake hugandamana, na yakiachwa huwaka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kuitayarisha nyumba kwa baridi ikawa ni kumwita mfagia dohani.

Mfagia dohani alikuja na mtoto. Tundu lililo jembamba mno kwa mtu mzima lilikuwa na nafasi kwa mtoto wa miaka sita au saba, naye alipanda kwa magoti na viwiko, gizani, akikwangua. Watoto hao aghalabu walikuwa mayatima waliotolewa na parokia zao, au waliouzwa na wazazi fukara. Wengine walikwama na kufa ndani. Waliokua walikutana na jambo jingine: mwaka 1775 tabibu wa upasuaji Percivall Pott alieleza kwamba wafagia dohani hushikwa na saratani ya ngozi ya korodani, na kwamba sababu yake ni masizi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tabibu kuunganisha saratani na kazi ya mtu. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1788 kuwakataza watoto wasiotimia miaka minane, na sheria nyingine 1840 na 1864; wenye nyumba walizipuuza zote, kwa maana brashi ndefu zilikwisha vumbuliwa lakini mtoto alikuwa rahisi. Hata 1875, baada ya mvulana wa miaka 11 kufa kwa kazi hiyo karibu na Cambridge, ndipo wafagiaji walipotakiwa kuwa na leseni chini ya ulinzi wa polisi, na desturi ikakoma. Kwa muda wa karne moja, basi, usafi wa sebule za waungwana wakati wa baridi ulitegemea mwili wa mtoto, na waungwana walijua.

Unyevu wa chini ulishughulikiwa kwa utaratibu zaidi. Matofali hunyonya maji ya ardhini kama utambi unyonyavyo mafuta, na katika miji ya viwanda maelfu ya watu waliishi katika vyumba vya chini ya ardhi ambavyo kuta zake hazikukauka mwaka mzima. Sheria ya Afya ya mwaka 1875 ilizipa halmashauri uwezo wa kuweka kanuni za ujenzi, na kanuni hizo zikataka ukuta uwekewe, karibu na ardhi, tabaka la kitu kisichopitisha maji, kama jiwe jembamba la paa au lami. Mstari huo mwembamba, usioonekana na mpita njia, umeponya vifua vingi kuliko hospitali kadhaa.

Karne ya 20 ilirithi moto wa makaa katika karibu kila chumba, na udhaifu wake ukafunuliwa mara mbili. Baridi ya 1947 ilianza mwishoni mwa Januari, wiki chache tu baada ya migodi kuwa mali ya taifa. Reli na bandari zilizibwa kwa theluji, makaa yakashindwa kufika penye haja, serikali ikakataza umeme majumbani kwa saa kadhaa kila siku, na watu wakafanya kazi zao kwa mishumaa. Mwezi wa Machi theluji iliyeyuka, mito ikafurika. Mara ya pili ilikuwa London, tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952. Upepo ulisimama, baridi ikashuka, na kila nyumba ikaongeza makaa. Makaa mazuri yalikuwa yakiuzwa nchi za nje. Raia waliachiwa bila mgawo vipande na vumbi, vitu vyenye moshi mwingi. Moshi haukuwa na pa kwenda. Ulichanganyika na ukungu, ukaujaza mji, ukaingia hata katika ukumbi wa Sadler's Wells, onyesho la muziki likakatizwa kwa sababu wasikilizaji hawakuona jukwaa. Hesabu ya wakati ule ilitaja watu 4,000 waliokufa. Uchunguzi wa baadaye umefikisha 12,000. Kila mmoja wao aliuawa na mioto midogo ya majirani zake, waliokuwa wakifanya lile lililofanywa na baba zao: kuzipasha moto nyumba zao. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 ilizipa halmashauri nguvu ya kukataza moshi katika mitaa, na kuwasaidia wenye nyumba kubadili majiko.

Baridi ya 1962 hadi 1963, iliyokuwa kali kuliko zote tangu 1740, iliwakuta watu katikati ya mabadiliko hayo. Mabomba yalipasuka, vyoo vya uani viliganda. Mwaka mmoja kabla yake tume ya Sir Parker Morris ilikuwa imependekeza kwamba nyumba mpya iweze kupata nyuzi 18 za joto sebuleni na nyuzi 13 jikoni. Haja ya kuandika jambo kama hilo yaonyesha jinsi nyumba nyingi zilivyokuwa. Gesi iliyogunduliwa chini ya Bahari ya Kaskazini mwaka 1965 ilipitishwa nchi nzima katika miaka iliyofuata, na pamoja nayo yakaenea mabomba ya maji ya moto kutoka chumba hadi chumba. Leo nyumba zaidi ya tisa katika kila kumi zina joto la namna hiyo. Dohani zikazibwa kwa mbao. Madirisha yakawekwa vioo viwili viwili. Baada ya miaka mia saba nyumba ya Kiingereza ilifungwa barabara.

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa wingu linalokaa juu ya ardhi asubuhi na kwa kuvu inayoota juu ya mkate na juu ya ukuta wenye maji. Katika habari hii neno hilo lafaa mara mbili. Ukungu wa nje ulipoondoka, ukungu wa ndani uliingia. Binadamu hupumua maji. Chungu hutoa mvuke. Nguo zilizofuliwa hutundikwa ndani kwa sababu nje mvua inanyesha. Zamani maji hayo yalitoka pamoja na moshi, yakivutwa na dohani ile ile iliyolaumiwa kwa kuiba joto. Dohani ikizibwa na nyufa zikijazwa, mvuke huutafuta ukuta ulio baridi na kugeuka matone, na penye matone kuvu hustawi. Kwa mwenye fedha ya kupasha nyumba nzima joto mchana kutwa, kuta hazipoi na hatari ni ndogo. Kwa mpangaji apimaye senti za gesi, chumba kimoja hupashwa na vingine huachwa, na humo ndimo maji yakaapo. Wengi walioshindwa kulipa mabomba walitumia jiko la mafuta ya taa, ambalo kwa kila lita linayoichoma hurudisha chumbani karibu lita nzima ya maji. Wahamiaji wa miaka ya 1950 kutoka visiwa vya Karibi walilijua sana jiko hilo. Na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa mwisho wa tarehe 8 Novemba, watu wapatao 28,000 walifika Uingereza baridi ikiingia. Wengine walipokewa katika kambi za jeshi zilizokuwa hazitumiki tena, kama ile ya Tonfanau, pwani ya Wales, mahali pa upepo mwingi. Walikuwa wametoka katika nyumba za Kampala zenye baraza na madirisha yaliyoachwa wazi. Elimu ya kuishi katika nyumba iliyofungwa walianza kuipata hapo, kwa mablanketi ya kupewa.

Mwezi wa Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, alikufa mtoto wa miaka miwili ambaye wazazi wake walikuwa wametoka Sudan. Jamaa hao walikuwa wapangaji katika nyumba ya shirika, yenye chumba kimoja cha kulala. Baba alikuwa amelalamika tangu 2017 juu ya ukungu uliokuwa ukiota jikoni na bafuni, akaambiwa apake rangi juu yake. Baadaye wenye nyumba walikiri kuwa walikuwa wamedhania mambo juu ya mwenendo wa maisha ya jamaa hao, yaani kosa lilitafutwa katika desturi za wapangaji kabla ya kutafutwa ukutani. Mwezi wa Novemba 2022 hakimu wa kuchunguza vifo alitamka kuwa mtoto aliuawa na ugonjwa wa njia ya pumzi uliotokana na ukungu huo, na kwamba nyumba haikuwa na njia ya kutosha ya hewa. Dai la Harrison wa Radwinter, lililochekwa kwa karne nne, lilikuwa limerudi likiwa na cheti cha mahakama.

Bunge lilipitisha sheria mwezi wa Julai 2023, na sehemu yake moja huitwa kwa jina la mtoto huyo. Kanuni zake za kwanza zilianza tarehe 27 Oktoba 2025, siku chache kabla ya baridi. Mwenye nyumba ya shirika au ya halmashauri akiletewa habari ya ukungu au unyevu wenye hatari kubwa, lazima auchunguze ndani ya siku 10 za kazi. Na hatari ya dharura lazima aishughulikie ndani ya saa 24. Wapangaji wa nyumba za watu binafsi hawakuwamo katika kanuni hizo za kwanza.